Sheria za vita ya mezani zibadilishwe, lakini mpagazi ahesabiwe

Kule Marekani na Ulaya kuna watu ambao jioni, baada ya kazi, wanakunjua ramani kubwa mezani, wanapanga juu yake vipande vidogo vya karatasi ngumu na kuanza kupigana vita ya Stalingrad au ya Waterloo. Wanapigana hadi usiku wa manane. Wakichoka wanarudisha vipande ndani ya sanduku na kwenda kulala. Hakuna paa lililotobolewa, hakuna mama aliyekimbia na godoro kichwani.

Msikilizaji anayelala chini ya hema katika kambi ya wahami anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu watu hao wana ubishi wa siku nyingi kati yao: mchezo wa vita iliyotokea kweli, je, sheria zake zinaweza kubadilishwa, na nani ana haki ya kuzibadili? Ubishi huo, ukitazamwa vizuri, unahusu nani anahesabiwa katika vita na nani hahesabiwi. Na katika vita iliyopita huku Kivu na Tanganyika zaidi ya miaka mia moja iliyopita, walio wengi hawakuhesabiwa.

Kwanza mchezo wenyewe. Mmarekani Charles Roberts alitoa mchezo wake wa kwanza, Tactics, mwaka wa 1954, kisha mwaka wa 1958 akaanzisha kampuni ya Avalon Hill. Mwanzoni ramani zilikuwa na vyumba vya mraba, kama ubao wa dama. Tangu 1961 kampuni hiyo ikachukua vyumba vya pembe sita, mtindo uliokuwa ukitumiwa na watafiti wa taasisi ya RAND. Ramani ikafanana na sega la asali. Sababu ni ya hesabu tu. Katika mraba, hatua ya kukata kona ni ndefu kuliko hatua ya moja kwa moja kwa karibu asilimia 40, na kumbe mchezo unazihesabu sawa. Katika chumba cha pembe sita, majirani wote sita wako umbali mmoja. Askari hawezi kuiba njia kwa kupita kwenye kona.

Kila kipande kina namba. Moja inaonyesha nguvu ya kupigana, nyingine inaonyesha vyumba vingapi kinaweza kwenda kwa zamu moja. Msitu unakula hatua zaidi, mto unakula zaidi, barabara inapunguza. Mwenye nguvu 12 akimshambulia mwenye nguvu 4, ni tatu kwa moja. Anarusha dadu, anatazama jedwali, na jedwali linamwambia nani amekufa na nani amerudi nyuma.

Mtu aliyekimbia risasi akisoma maelezo hayo anaweza kukasirika. Ana haki. Lakini asiishie hapo, maana ndani ya sanduku hilo mna kitu kinachofaa kutazamwa: kitabu cha sheria. Kila sheria mle ndani ni maoni ya mtu juu ya vita. Anayeandika kwamba mlinzi aliye juu ya kilima nguvu yake inahesabiwa mara mbili, ametoa maoni. Anayeandika kwamba jeshi lisilofikiwa na chakula litakufa baada ya zamu mbili, naye ametoa maoni. Na maoni yanaweza kupingwa.

Mfano unaojulikana sana na wachezaji ni PanzerBlitz, mchezo wa vifaru vya Wajerumani na Warusi uliotungwa na Jim Dunnigan na kutolewa na Avalon Hill mwaka wa 1970. Chumba kimoja ni mita 250, zamu moja ni dakika sita. Ulipendwa mno. Lakini ulikuwa na tundu. Mchezaji aliweza kupiga risasi katika zamu yake mwenyewe tu, na kifaru kilichojificha msituni hakikuweza kupigwa kutoka mbali ila kama adui ana mtu wa kukiona kwa karibu. Basi wajanja wakatoa vifaru katika msitu huu, wakavipitisha uwanja mweupe mbele ya mizinga ya adui, wakavificha katika msitu ule, yote hayo ndani ya zamu moja, na adui akibaki anatazama tu kwa sababu zamu si yake. Wachezaji wakaubatiza ujanja huo jina la Panzerbush.

Katika vita ya kweli, kifaru kinachokatiza uwanja mbele ya mzinga uliokwisha kulengwa hakifiki ng'ambo. Mpiga mzinga hangoji zamu. Kwa hiyo watu wakaanza kujiandikia sheria nyumbani: anayetembea mbele ya macho ya adui, adui aruhusiwe kumpiga palepale, hata kama zamu si yake. Mwaka wa 1974 kampuni ileile ikatoa Panzer Leader, mchezo wa vita ya upande wa Ufaransa na Ujerumani, na sheria ya namna hiyo ikaingia ndani ya kitabu. Watu wa mezani walikuwa wamemsahihisha mtunzi, na mtunzi akakubali.

Hayo ni mabadiliko mazuri, na uzuri wake unaonekana kwa mambo matatu. Yalitoka katika namna vita inavyokuwa kweli, hayakutoka katika hamu ya mtu kushinda. Yalibana pande zote mbili, Mjerumani na Mrusi sawasawa. Tena yalikubaliwa kabla ya dadu kurushwa. Kila kijana aliyecheza dama chini ya mwembe anajua jambo hili la tatu. Kuna mitaa ambako kula ni lazima na mitaa ambako si lazima, na mgeni anauliza kwanza: hapa mnacheza namna gani? Hakuna anayemlaumu mtu kwa sheria ya mtaa wake. Anayelaumiwa ni yule anayeikumbuka sheria mpya baada ya kuona kete yake inakwenda kuliwa.

Wakubwa nao wanakumbuka sheria mpya wakati huohuo, na kwao hasara ni kubwa zaidi. Mwanzo wa Mei 1942, wakuu wa jeshi la maji la Japani walikusanyika ndani ya manowari Yamato kujaribu mezani mpango wao wa kushambulia kisiwa cha Midway. Fuchida Mitsuo, rubani aliyeongoza ndege za Japani huko Pearl Harbor, aliandika baada ya vita yaliyotokea hapo. Ndege za Wamarekani mezani ziliwakuta Wajapani, dadu ikarushwa, na ikatoka kwamba mabomu tisa yamepiga. Manowari mbili za kubeba ndege, Akagi na Kaga, zimezama. Amirali Ugaki Matome, aliyesimamia mchezo, akasema hapana: mabomu yahesabiwe matatu. Akagi ikaokoka, Kaga peke yake ikazama. Na hata hiyo Kaga, katika sehemu iliyofuata ya mchezo, ikaonekana tena juu ya maji inashiriki mashambulizi mengine.

Tarehe 4 Juni mwaka huohuo, katika maji ya kweli, ndege za Marekani ziliziwasha moto Akagi, Kaga na Soryu, kisha jioni Hiryu. Zote nne zilizama. Hakuna amirali aliyeweza kuzirudisha juu kwa neno.

Asifikiri mtu kwamba ni Wajapani tu. Mwaka wa 2002 Marekani ilifanya mazoezi makubwa yaliyoitwa Millennium Challenge, yaliyogharimu dola milioni 250. Jenerali mstaafu Paul Van Riper alipewa kuongoza upande wa adui. Akaacha redio, akatuma ujumbe kwa pikipiki ili asisikilizwe, akatumia mashua ndogo na makombora, na mwanzoni tu akazamisha meli 16 za Marekani. Wasimamizi wakaziinua meli zile, wakaanza tena, na safari hii wakamwekea adui masharti ya nini anaruhusiwa kufanya. Van Riper akajitoa. Wasimamizi walikuwa na hoja yao, ni haki kuisema: maelfu ya askari walikuwa wameletwa kufanya mazoezi, na mazoezi hayawezi kwisha siku ya kwanza. Sawa. Kuinua meli ili watu waendelee kujifunza kunaeleweka. Kumfunga adui mikono kisha kutangaza kwamba mpango umefaulu ni jambo jingine kabisa. Raia wa nchi yoyote yenye vita anajua taarifa za namna hiyo zinavyosikika redioni asubuhi.

Basi kubadili sheria si kosa, na kuziacha zilivyo si heshima kwa historia. Hapo ubishi wa wachezaji wa kule ungeweza kwisha, kama si jambo moja wanalolipita mbio.

Wengi wao wakitaka mchezo ufanane zaidi na vita ya kweli, wanaongeza sheria juu ya silaha. Unene wa chuma cha kifaru, umbali wa bunduki, matope, baridi. Mfano uliokwenda mbali kuliko yote ni The Campaign for North Africa, wa Richard Berg, uliotolewa na kampuni ya SPI mwishoni mwa miaka ya 1970. Ramani yake ina urefu wa karibu mita tatu. Unahitaji wachezaji kumi hivi, na kuumaliza wote kunakadiriwa kuchukua zaidi ya saa elfu moja. Humo mna sheria maarufu: vikosi vya Waitalia vinahitaji maji ya ziada, kwa sababu wanachemsha makaroni. Berg mwenyewe alisema baadaye kwamba aliiweka kama mzaha. Mzaha mzuri. Lakini mtu wa kambini, anayepanga bidoni tangu alfajiri akingoja lori la maji, atashangaa kuona kwamba kitabu cha vita kinaweza kuhesabu maji ya sufuria ya askari na kisifikirie maji ya wakaaji wa mahali vita inapopita.

Kongo nayo imo katika masanduku hayo. Kuna mchezo wa mtu mmoja uitwao Congo Merc, wa kampuni ya Decision Games ya Marekani, unaohusu Kongo ya 1964, wakati wa Simba na wa Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Anayeucheza anashika nafasi ya mamluki. Si dhambi, mamluki walikuwapo, na historia haiwezi kuwaficha. Lakini wazee wa Kisangani na wa Kindu wanaosimulia mwaka ule hawaanzi na mamluki. Wanaanza na porini, walikolala wiki nyingi, na watoto waliozaliwa huko.

Sasa vita ya 1916, ambayo ingefaa sana kuchezwa juu ya vyumba vya pembe sita, na ambayo kila mkaaji wa mashariki mwa Kongo anapashwa kuijua zaidi ya anavyoijua. Mwezi wa Aprili mwaka ule Force Publique, chini ya Jenerali Charles Tombeur, ilivuka mpaka kutoka upande wa Kivu na kuingia nchi zilizokuwa za Mjerumani. Brigedi mbili: ya kaskazini chini ya Molitor, ya kusini chini ya Olsen, aliyekuwa Mdenmarki. Kigali ilichukuliwa tarehe 6 Mei. Kigoma ilichukuliwa mwisho wa Julai, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, ambayo baadaye iliinuliwa na kuitwa Liemba. Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba. Vitabu vya Ubelgiji vinaiita ushindi mkubwa, na mitaa huko Brussels ilipewa majina yake.

Mtunzi wa kawaida akipewa vita hii atachora ziwa, ataweka reli ya kutoka Kigoma kwenda Tabora, atatengeneza vipande vya brigedi mbili na vya kampuni za Wajerumani, na kazi imekwisha. Ubao utakuwa safi. Hautakuwa na wapagazi, na wapagazi waliotumiwa na Wabelgiji katika vita ile yote wanakadiriwa kuwa 260,000. Kwa upande wa Waingereza wanakaribia milioni moja, na waliokufa, wale walioandikwa tu, ni zaidi ya 90,000. Jina la mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, limetoka katika neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Mpagazi alikuwa wengi kuliko askari, na bila yeye bunduki haikufika popote, kwa sababu njia nyingi hazikuwa na gari, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o.

Kwa hiyo maoni yanayotolewa hapa ni haya: anayetaka kucheza vita ya Tabora abadili sheria na amweke mpagazi ubaoni. Asimweke kama huruma ya kupamba pembeni, amweke kama hesabu.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Tuseme chumba kimoja ni kilomita 20, mwendo wa siku moja wa mtu mwenye mzigo. Tuseme mzigo ni kilo 25 na mpagazi anakula kilo moja kwa siku. Akienda vyumba vitano mbele na kurudi, amekula kilo kumi, amewafikishia askari kilo 15. Akienda vyumba kumi na kurudi, amekula kilo 20. Askari wanapata kilo tano. Akienda vyumba 12, askari wanapata kilo moja. Kwenye chumba cha 13 mzigo wote hautoshi hata tumbo lake mwenyewe. Na kutoka Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 400, yaani vyumba 20.

Hapo mchezaji anakaa kimya na kukuna kichwa. Ana njia chache. Anaweza kusimama na kujenga ghala, angoje, na huku Mjerumani anajipanga. Anaweza kuongeza wapagazi, lakini kila mpagazi mpya ni mdomo mpya. Anaweza kula mashamba ya vijiji anavyopita. Au anaweza kuchukua njia ambayo hakuna kitabu cha sheria kitakachomfundisha, ataigundua mwenyewe akiwa na kalamu mkononi: amnyime mpagazi posho ya kurudi. Mara moja kilo tano zinakuwa 15. Jeshi linasonga mbele. Na mtu aliyebeba anabaki njiani.

Hakuna hotuba ya mwalimu inayoweza kueleza jambo hilo kwa nguvu kama mchezaji kuona mkono wake mwenyewe unalifanya. Hii ndiyo sababu sheria inashinda picha. Picha ya mpagazi pembeni mwa ramani inamwambia mchezaji kwamba watu hao walikuwapo. Sheria ya posho inamwonyesha kwa nini walikufa, na kwamba hawakufa kwa bahati mbaya: walikufa ndani ya hesabu ya mtu aliyetaka kufika Tabora kabla ya mvua.

Sheria ya pili ni ya shamba. Wapagazi hawaoti njiani. Wanatoka katika kijiji fulani, yaani katika chumba fulani cha ramani. Kila chumba chenye kijiji kiwekewe alama ya jembe. Mchezaji akichukua wanaume wa chumba hicho wakati wa kulima, au akila akiba yake, alama inageuzwa, na msimu unaofuata chumba hicho hakitoi chakula kwa jeshi lolote, lake wala la adui. Huu si ubunifu wa mtu. Mwaka wa 1917 na 1918, kaskazini magharibi mwa Rwanda, katika nchi ya Bugoyi inayotazamana na Goma, ilipita njaa ambayo Wanyarwanda wanaiita Rumanura. Majeshi yalikuwa yamepita hapo na kula. Ugogo, katikati ya Tanganyika, nako kulikuwa na njaa yao, Mtunya. Wenye ramani walikuwa wamekwisha kutangaza ushindi.

Watatokea watu wa kusema kwamba sheria hizi zitaua utamu. Mchezo ni mchezo, mtu amechoka na kazi, anataka vifaru vyake. Hoja hiyo si ya kijinga. Sanduku lenye sheria elfu halichezwi. Linakaa juu ya kabati, kama lile la makaroni. Ndiyo maana inafaa kuongeza sheria moja, kuicheza mara tatu au nne, pande zikibadilishana, kisha ndipo kuongeza ya pili. Lakini kusema kwamba raia anaua utamu si kweli, na imekwisha kujaribiwa. Mwaka wa 2017 ulitoka mchezo wa mezani wa This War of Mine, uliotokana na mchezo wa kompyuta wa 2014 wa Wapolandi, ambao ulichukua mawazo katika kuzingirwa kwa Sarajevo. Ndani yake hakuna jenerali. Wachezaji ni raia ndani ya nyumba iliyobomoka, wanatafuta dawa, maji na kuni. Watu wameununua na kuucheza. Hauna vyumba vya pembe sita, lakini unaonyesha kwamba anayekaa mezani anaweza kushughulika na tumbo la mtu na asichoke.

Ubishi mwingine ni mzito zaidi, na unatoka hapahapa. Mzazi atasema: watoto wameona vita ya kutosha, kwa nini waletewe nyingine mezani? Mzazi huyo asikilizwe. Kwa vita ya sasa ana haki kabisa. Mapigano ambayo watu wake bado wanatafutana hayapashwi kuwekwa ubaoni, na kipande chenye jina la kijiji ambacho mtoto alikimbia juzi hakifai kusukumwa na kidole cha rafiki yake kwa kicheko. Tena mtoto atauliza nani anacheza upande gani, na mezani kutazaliwa ugomvi wa makabila ambao nje umekwisha kuwatesa wazazi. Hiyo iachwe. Ya 1916 iko mbali ya kutosha: hakuna aliye hai aliyeipigana, na aliyebeba mzigo katika vita ile alitoka katika kila kabila la huku. Mezani, Mhavu, Mshi, Mnande, Mhutu, Mtutsi, Mbembe, wote wanamkuta babu yao upande mmoja, chini ya mzigo.

Vifaa si tatizo. Masanduku ya kule yanauzwa kwa makumi ya dola, na hakuna anayehitaji kuyanunua. Ubao wa pembe sita unatengenezwa kwa kifuniko cha chupa na kalamu. Chora duara kwa kukizungusha, kisha chora jingine linalogusana nalo, na jingine. Ukiyabana vizuri, kila duara litaguswa na mengine sita, si matano wala saba. Hapo vyumba vyako viko tayari hata kabla ya kuchora pembe. Vipande ni katoni ya sabuni iliyokatwa. Mpagazi awe punje ya maharage, kwa sababu wanahitajika wengi na kwa sababu punje ikipotea inaonekana katika hesabu. Dadu inapatikana katika sanduku la ludo la mtoto yeyote. Mwalimu wa historia mwenye wanafunzi 60 anaweza kuwagawa katika meza kumi, nusu za Molitor na nusu za Olsen, na kuwaomba kila meza iandike katika daftari sheria moja ambayo ingependa kuibadili na sababu yake. Sababu isiwe kwamba inawasaidia kushinda. Meza ya jirani ndiyo iamue kama sababu inatosha, kabla ya zamu ya kwanza.

Inabaki sheria ya mwisho wa mchezo. Katika masanduku ya kawaida, Tabora ikianguka mchezo umekwisha na pointi zinahesabiwa. Katika mchezo huu Tabora ikianguka zisimame pointi za miji tu. Ziongezwe zamu 20 bila mapigano, na kazi ya kila mchezaji katika zamu hizo iwe moja: kuzirudisha punje za maharage, chumba kwa chumba, kila moja kwenye kijiji ilikotolewa, kwa posho iliyobaki ghalani. Punje zisizofika zitoe pointi kwa aliyezichukua, mbili kwa kila moja.